Mazungumzo ya Mganga na Mgonjwa

Watu wengi wanazani kwamba kazi ya mganga inaanza na sindano ao na chombo cha kusikilizia kifua. Sivyo. Inaanza na neno. Mgonjwa anaingia, anaketi, anaulizwa, anajibu; na mara nyingi ugonjwa umekwisha kujulikana, ao umekwisha kupotea, katika majibu yale, kabla mganga hajamgusa mgonjwa hata kwa kidole.

Maana yako mambo ambayo macho ya mganga hayawezi kuyaona wala vyombo vyake haviwezi kuyapima. Maumivu yalianza siku gani? Yanakuja usiku ao mchana? Mgonjwa amekwisha kunywa dawa gani kule nyumbani? Hapa Kabimba, kando ya ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie, wanaokuja kwa mganga ni watu wa namna nyingi: wavuvi, wakulima, wamama wenye watoto mgongoni, watu waliofanya kazi katika vumbi la kiwanda cha simenti. Tuseme mtu anakohoa. Kifua chake kinaonyesha kikohozi, lakini hakisemi kama alikaa miaka kumi katika vumbi, ao kama ndugu yake wa nyumba moja alikohoa damu mwaka jana. Hayo yanatoka kinywani tu.

Mseminari, padri ao mkatekista atauliza: neno hili linatuhusu nini sisi? Lakini nani anaitwa usiku mgonjwa akizidiwa? Nani anaombwa barua ya kwenda hospitali ya Kalemie? Nani anaketi kati ya mama mzee asiyejua luga nyingine ila Kitabwa, na mganga kijana anayefikiri kwa Kifaransa, ili kuwageuzia maneno? Mara nyingi ni sisi. Basi inafaa tujue namna maneno yanavyotembea kati ya watu wale wawili, na pahali yanapojikwaa.

Mgonjwa naye anafanya kazi

Yuko mwenye elimu mmoja, Paul Grice, Mwingereza aliyefundisha Marekani. Mwaka 1967 alitoa mafundisho juu ya mazungumzo ya watu, nayo yalichapwa mwaka 1975. Alisema hivi: watu wawili wakizungumza, wanasaidiana, hata kama hawakupatana hivyo kwa mdomo. Kila mmoja anangojea mwenzake aseme maneno ya kutosha, yasiyozidi wala kupungua, aseme kweli, aseme lile linalohusu jambo lenyewe, tena aseme waziwazi. Na kama mtu akijibu maneno yanayoonekana kwenda kando, msikilizaji mwema hasemi mara moja: huyu hana akili. Anatafuta ndani yake: kwa nini amejibu hivi? Iko sababu.

Tutwae mfano. Mganga anauliza (na kwetu hata infirmiye anaitwa munganga):

— Mama, mutoto alianza kugonjwa lini?

— Munganga, tulikuwa tumetoka ku matanga ya mukubwa wangu, kule Mpala.

Mganga mwenye haraka anakunja uso. Aliomba siku, amepewa matanga! Anarudia swali kwa sauti kubwa: “Siku ngapi?” Mama anaogopa, anasema: “Tatu,” ili swali limalizike. Lakini jibu lake la kwanza lilikuwa jibu kweli. Kwake siku inajulikana kwa matanga, si kwa kalenda. Tena ndani ya jibu lile yamo mambo mengine ya kumsaidia mganga: mtoto alisafiri, labda alilala inje bila chandarua usiku wa kilio, alikunywa maji ya pahali pengine. Swali moja tu lingetosha: “Na toka matanga mpaka leo mumelala mara ngapi?” Mama angehesabu usiku kwa vidole, na hesabu ingekuwa ya kweli kuliko ile “tatu” ya woga.

Mwenye elimu mwingine wa Marekani, Elliot Mishler, aliandika mwaka 1984 kwamba katika chumba cha mganga zinasikika sauti mbili: sauti ya uganga, inayotaka siku, pahali pa maumivu na hesabu, na sauti ya maisha, inayosimulia matanga, deni, bwana aliyekwenda kuvua samaki na hajarudi. Mganga akiikata sauti ya pili kila inapoinuka, mgonjwa hakatai. Ananyamaza tu, na anajibu kidogo kidogo, kama mtoto anayeulizwa katekismo asiyoifahamu.

Sekunde 18

Utasema: waganga hawana wakati. Benchi imejaa toka alfajiri, na mganga ni mmoja. Ni kweli, wala sitaki kuwahukumu; mimi ninayeandika nimeona infirmiye anayetibu, anayeandika, anayegawa dawa na anayezalisha wamama, yote siku moja. Lakini tuone hesabu.

Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel, huko Marekani, walisikiliza mazungumzo 74 ya waganga na wagonjwa yaliyonaswa katika mashini. Wagonjwa 17 tu kati ya 74 waliachwa wamalize kusema kilichowaleta. Wengi wa wale wengine walikatwa, na kwa kawaida walikatwa baada ya sekunde 18. Sekunde 18 hazitoshi kusali Baba Yetu kwa utulivu. Na wale walioachwa waseme mpaka mwisho, je, walijaza mchana? Hapana, hakuna hata mmoja aliyepita sekunde 150. Baadaye, mwaka 2002, waganga wa hospitali ya Basel, katika Uswisi, walitangaza jaribio lao: waliwaacha wagonjwa 335 waseme mpaka wenyewe wanyamaze, huku saa imefichwa. Kwa wastani walisema sekunde 92. Watu 78 kwa kila 100 walikuwa wamemaliza kabla ya dakika mbili.

Mtu wa Kabimba si mtu wa Basel, najua. Mzee wetu anaanza mbali, anazunguka, anapita kwa baba yake na kwa mwaka wa mvua nyingi. Hata hivyo, woga wa waganga kwamba mgonjwa akiachiwa mdomo hatanyamaza kamwe, woga ule ni mkubwa kuliko jambo lenyewe.

Tena yako maneno yanayosemwa mwishoni tu. Mgonjwa amepewa karatasi ya dawa, amesimama, mkono uko mlangoni, ndipo anageuka: “Lakini, munganga, iko tena kitu kidogo…” Kile kitu kidogo ndicho kilichomtoa nyumbani. Kijana alikuja juu ya mgongo. Mlangoni anasema juu ya mkojo. Mama alikuja juu ya kichwa. Mlangoni anasema kwamba miezi miwili hajaona siku zake. Haya ndiyo maneno ya haya, na maneno ya haya hayatangulii.

Juu ya neno hili John Heritage na wenzake, mwaka 2007 huko Marekani, walifanya jaribio zuri sana. Waganga walikuwa 20, wagonjwa 224. Mbele ya kuingia, wagonjwa waliandika mambo yote waliyotaka kusema. Waganga wengine walifundishwa kuuliza namna hii: “Liko jambo lingine unalotaka tulizungumze leo?” Na wengine waliuliza kwa namna inayovuta jibu la “hapana”, kama vile sisi tunavyosema: “Hakuna kingine, eh?” Katika Kiingereza tofauti ni neno dogo moja tu. Lakini swali la kwanza liliondoa sehemu 78 kwa 100 za mambo ambayo wagonjwa wangeyarudisha nyumbani bila kuyasema. Swali la pili lilikuwa karibu sawa na kutouliza kabisa. Na saa haikurefuka kwa kiasi cha kuonekana.

“Ndiyo” inayodanganya bila uongo

Hapa tunafika kwenye jambo la luga yetu wenyewe, ambalo Waamerika hawakuliandika, nami naona linaleta hasara kubwa kuliko yote.

— Haukukunywa dawa yote?

— Ndiyo.

Mgonjwa amesema nini? Sisi tuliozaliwa na Kiswahili hiki tunajua: hakunywa yote. “Ndiyo” maana yake: ni vile ulivyosema, umesema sikunywa, nami nakubali sikunywa. Mgonjwa amesema kweli. Lakini mganga aliyesoma miaka saba kwa Kifaransa anasikia “oui”, na katika fishi anaandika kwamba dawa ililiwa yote. Mfaransa akitaka kukubali neno la kukana, anasema “non”. Akitaka kulikataa anasema “si”, na sisi hatuna neno la namna ile. Basi mganga anasema moyoni: dawa imeliwa yote na homa haikushuka, kwa hiyo dawa hii haifai kwa huyu, tumpe nyingine yenye nguvu zaidi. Mgonjwa anatoka na dawa mpya ya bei kali, na ile ya kwanza imebaki nyumbani juu ya dari, ndani ya karatasi.

Ubaya unaongezeka kwa sababu vijana waliopita shuleni wanajibu kwa desturi ya Kifaransa hata wakisema Kiswahili: “Hapana, sikukunywa.” Basi swali moja, ukweli mmoja, na majibu mawili yanayopingana, kwa kadiri ya shule ya mtu. Hata mganga mwenye akili sana hawezi kutambua.

Dawa ya neno hili ni nyepesi: usiulize kwa kukana. Tena usiulize swali ambalo “ndiyo” inaweza kulitosha. Uliza: “Ulikunywa ngapi? Zimebaki ngapi? Nionyeshe.” Vidonge vilivyo katika kiganja cha mkono havina Kifaransa wala Kiswahili.

Liko tena jambo la heshima. Mtu mwenye adabu hamwambii mkubwa wake “hapana” usoni. Mganga akisema: “Maumivu yamepungua, sivyo?” mzee atajibu: “Ndiyo, munganga, yamepungua,” kwa sababu ni aibu kumwonyesha mtu kwamba kazi yake haikufaa. Vile vile katika salamu. “Habari?” “Muzuri.” Mtu anajibu hivyo hata akiwa amebebwa kwa kipoyo. Jibu lile si habari ya mwili, ni kufungua mlango. Mganga asilishike, wala asiruke salamu kwa sababu haina habari ndani yake. Maana pasipo salamu mlango haufunguki. Asikilize tu kama mgonjwa ameongeza neno: “Muzuri kidogo.” Katika “kidogo” ile ndimo ugonjwa ulimo.

Maneno yenye matumbo mengi

Ninyi makatekista mnalijua tendo hili: ukiwauliza watoto “Mumesikia?” darasa zima linapiga kelele “Tumesikia!” Na ukimwuliza mmoja arudie, ananyamaza. Ni kwa sababu “kusikia” kwetu kunachukua mizigo mingi. Nasikia sauti, nasikia baridi, nasikia maumivu, nasikia Kifaransa, yaani ninakifahamu, mtoto huyu hasikii, yaani hatii. Mganga akimaliza maelezo na kusema “Umesikia, mama?” mama akajibu “Nasikia,” amesema kweli: sauti imefika masikioni. Afazali mganga aseme: “Mama, ukifika nyumbani, baba ya watoto atakuuliza namna ya kumpa mtoto dawa. Utamwambia nini?” Akisimulia vizuri, amefahamu. Akikosea, haaibiki, maana bado yuko mbele ya mganga, si mbele ya homa.

Tumbo ni neno la namna ile ile. Tumbo ni pahali pa chakula. Ni tumbo la uzazi. Mwanamke “ana tumbo” akiwa na mimba. Mama akisema “tumbo linanikata,” mganga amwombe aonyeshe kwa mkono. Kazalika maneno tuliyopokea kwa Wazungu yamegeuka njiani. Tunasema mtu “ana tansio”, na maana yetu ni kwamba damu yake inasukuma kupita kiasi; kumbe kila mtu mwenye uhai ana tansio. Na watu wa labo wakisema “matokeo ni negatifu,” mgonjwa anafikiri ni vibaya. Wakisema “pozitifu,” uso wake unang'aa, na kumbe ndiyo habari mbaya. Mtu hawezi kubeba habari ya maisha yake katika neno ambalo kwake limepinduliwa kichwa chini. Tuseme: “Tumetafuta wadudu wa malaria katika damu, hatukuwaona,” ao: “Tumewaona.” Basi.

Lakini neno linalonitia woga kuliko yote ni saa.

Iko dawa ya malaria inayotolewa sana sasa, yenye artemeter na lumefantrini. Inaliwa mara sita katika siku tatu. Kipimo cha kwanza kinaliwa palepale. Cha pili baada ya muda wa saa nane. Halafu asubuhi na jioni siku ya pili, tena asubuhi na jioni siku ya tatu. Sasa tuseme mama amepewa kipimo cha kwanza cha mtoto wake saa nne ya asubuhi, na mganga, akigeuza Kifaransa chake neno kwa neno, anasema: “Utamupa ingine saa nane.” Mganga anataka saa kumi na mbili ya jioni, jua likitua. Mama anasikia saa nane ya mchana: atampa mtoto kipimo cha pili mapema mno, saa nne tu baada ya cha kwanza. Na kama alikuja mchana, akatoka saa tisa, basi kwake saa nane ya leo imekwisha kupita. Atangojea saa nane ya kesho, na mtoto amekaa karibu usiku na mchana mzima na kipimo kimoja. Na kijana wa nyumba, mwenye simu iliyoandika saa kwa desturi ya Kizungu, atasema: “Hapana, mama, saa nane ni 8:00,” yaani saa mbili ya asubuhi. Watu watatu, saa tatu, mtoto mmoja.

Ni hivyo hivyo kwa neno “kila saa nane”. Mganga anataka mara tatu kwa siku. Mgonjwa anasikia: kila siku, ikifika saa nane, mara moja tu. Dawa iliyotolewa kwa siku saba inakaa majuma matatu, na ugonjwa unajifunza kuishi pamoja nayo.

Homa ya malaria haingojei. Mtoto mdogo anaweza kuanza homa leo na kufa kesho kutwa. Kwa hiyo inafaa saa itajwe kwa jua na kwa kazi za nyumba: “Moja sasa hivi, mbele yangu. Ya pili jua likitua, mukikula. Kesho asubuhi mukiamuka. Kesho jioni mukikula. Na kesho kutwa vile vile.” Hakuna mtu Kabimba asiyejua jua linatua lini.

Wenye kuficha na wenye kungojea

Si kila kunyamaza ni kutofahamu. Kwingine mgonjwa anaficha kwa sababu anaogopa kitakachofuata. Huko Tanzania, katika wilaya ya Bagamoyo, watafiti waliandika mwaka 1996 juu ya namna watu wanavyoita homa. Watu walitenga “homa ya malaria”, ambayo waliiona nyepesi na ya hospitali, na “degedege”, yaani mtoto kukakamaa na kutetemeka mwili wote, ambayo waliiona ni ugonjwa mwingine wa kutibiwa kwanza na mganga wa kienyeji. Na wengi katika Tanzania waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Kumbe mara nyingi ni malaria ile ile, iliyopanda mpaka kwenye ubongo.

Sasa sheria ya kutibu watoto wadogo, ile inayofuatwa katika Kongo pia, inamwamuru mganga aulize mbele ya yote alama nne za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amekakamaa na kutetemeka, analegea ao amezimia. Alama ya tatu mganga haioni, maana mtoto alitetemeka usiku, nyumbani. Mama peke yake ndiye aliyeona. Akiulizwa kwa neno asilolijua, ao kwa sauti inayomlaumu, atasema hapana, na mtoto atarudishwa nyumbani na vidonge, pahali pa kupelekwa Kalemie upesi. Tazama uzito ulio juu ya swali moja.

Tena kuna wanaongojea. Kwa mfumu desturi ni nyingine: mfumu haulizi “unaumwa wapi?” Yeye ndiye anayesema, na ndugu wa mgonjwa wanaitika ao wananyamaza. Ujuzi wake unaonekana kwa kutambua bila kuambiwa. Simsifu mfumu, nasema tu kwamba mtu aliyezoea vile anashangaa kwa mganga wa hospitali: huyu amesoma miaka yote ile, na sasa ananiuliza mimi ninaumwa nini? Anajibu kwa ufupi, kama anayempima. Mganga akijua hivyo, ataeleza kidogo kwa nini anauliza: “Nakuuliza usiku kwa sababu iko kikohozi cha usiku na kikohozi cha mchana, na dawa zao si moja.” Pale mgonjwa anaona kwamba maswali ndiyo ujuzi wenyewe.

Wala mgonjwa haji peke yake. John Janzen, aliyekaa kwa Wakongo wa Kongo ya Chini, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1978 kwamba kwao wanaoamua ni kundi la ndugu: nani ataitwa, feza zitatoka wapi, mgonjwa atakaa hospitali ao atarudishwa. Kwetu kando ya ziwa si tofauti. Mganga anasema na mama, lakini neno la mwisho liko kwa mjomba aliyeketi inje chini ya mwembe, naye hakusikia lolote. Mganga mwenye busara anamwita mjomba ndani. Lakini iko hatari kinyume chake: mama hawezi kutaja ugonjwa wa tumbo la uzazi mbele ya mume wa binti yake. Anayemwita mjomba ajue pia kumtoa mkwe.

Mambo haya yote, mganga anayekaa pahali pamoja anayajua bila kuyaandika. Ng'ambo ya ziwa, Karema, aliishi Adrien Atiman, mganga na mkatekista. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa na kutiwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasoma uganga katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alioa pale, akatibu watu pale mpaka kufa kwake mwaka 1956: miaka 67. Alifika mgeni, Kiswahili hakikuwa luga ya mama yake. Lakini mtu aliyekaa pale miaka ile yote aliwatibu watoto wa watoto wa wagonjwa wake wa kwanza. Waganga wetu wa leo wanahamishwa mbio, na mgeni anakuja na maswali yale yale toka mwanzo. Kwa hiyo mkatekista wa kijiji, ambaye hahamishwi, ana kitu ambacho mganga hana.

Mkalimani

Basi mkatekista akiitwa kugeuza maneno, afanyeje? Nimeona wengi wakifanya kazi hii kwa moyo mwema na kuiharibu. Mgonjwa anasema maneno mengi, mkalimani anasema kwa Kifaransa: “Anaumwa tumbo.” Amechagua yeye mwenyewe lililo la maana. Mganga anauliza swali, naye mkalimani anajibu palepale, bila kumgeukia mgonjwa, kwa sababu ni jirani yake na anajua. Ao anaona neno ni la aibu, analilainisha, mpaka halina maana tena.

Mkalimani asimame kando, si katikati, ili wale wawili watazamane. Mgonjwa akisema “Nimetapika damu,” naye aseme “Nimetapika damu,” si “Anasema ametapika.” Asiongeze, asipunguze. Neno asilolijua alitangaze: “Munganga, neno hili kwa Kifaransa silijui, ngoja aeleze.” Kwa Kitumbwe, Kiholoholo, Kitabwa ao Kibembe yako majina ya magonjwa ambayo hayana mwenzake katika kitabu cha waganga, afazali jina libaki vile lilivyo, na mgonjwa aulizwe linafanya nini mwilini, kuliko kulibadilisha kwa jina la Kifaransa linalofanana nalo kwa mbali.

Mtoto wa shule asitwaliwe kuwa mkalimani wa mama yake, hata kama Kifaransa chake ni kizuri. Yako mambo mama hatayasema kupitia kinywa cha mwanawe, na yako majibu ambayo mtoto hapaswi kuyabeba.

Na yaliyosikiwa katika chumba kile yabaki mle. Padri anaijua sheria ya kunyamaza. Mkatekista afundishwe kwamba hapa pia anashika siri ya mtu. Kijiji ni kidogo. Mwanamke akisikia kisimani maneno aliyoyasema kwa mganga, mwezi ujao atasema kwamba ni kichwa tu kinamwuma, na mkalimani atageuza vizuri kabisa: “Mal de tête.”